Windows au Mac? Historia ya chaguo na kuridhika kwa mwenye mashine

Tangu katikati ya miaka ya 1980, mtu anayekwenda kununua kompyuta amekuwa akisimama kwenye njia panda. Upande mmoja ziko mashine za kampuni ya Apple, na upande wa pili ziko zile za kampuni nyingi zinazotumia mfumo wa Windows wa Microsoft. Makala haya yanaifuatilia historia ya chaguo hilo, na yanauliza kwa nini baadhi ya wenye mashine huridhika na wengine hujuta.

Kila mwamba ngozi huvutia kwake, walisema wahenga, na ni mabishano machache ya zama hizi yanayoithibitisha methali hiyo kama yale ya wapenzi wa Mac na wapenzi wa Windows. Msikilizaji aliyewahi kumwomba ndugu au rafiki ushauri kabla ya kununua laptopu, au kompyuta mpakato kama waiitavyo wataalamu wa Kiswahili, huenda alipata majibu mawili yanayopingana, yote yakitolewa kwa uhakika uleule. Na fedha inayohusika si haba. Kwa familia nyingi laptopu ni miongoni mwa vitu ghali zaidi ndani ya nyumba, na aliyeinunua atalazimika kuishi nayo miaka minne, mitano au zaidi.

Hata hivyo, ukiyachunguza mabishano hayo tangu chanzo chake, utaona kwamba kiini chake si rangi wala umbo la mashine. Ni njia mbili tofauti za kufanya biashara, na kila njia ina jibu lake kwa swali moja: mashine inapogoma, nani anawajibika?

Fundi mmoja na soko la mafundi

Microsoft ilianzishwa mwaka 1975 na Bill Gates pamoja na Paul Allen. Apple ilifuata mwaka 1976, ikiasisiwa na Steve Jobs, Steve Wozniak na Ronald Wayne. Lakini tukio lililoiweka misingi ya ushindani wao lilikuwa la kampuni ya tatu. Tarehe 12 Agosti 1981, IBM ilitoa kompyuta yake binafsi iliyotumia prosesa ya Intel na mfumo endeshi wa Microsoft. IBM haikuizuia Microsoft kuwauzia wengine mfumo huo. Kufikia mwaka 1983 kampuni ya Compaq ilikuwa ikiuza kompyuta ya kubebeka iliyoweza kuendesha programu za IBM, na haukupita muda mrefu makampuni mengine mengi yakaingia katika biashara hiyo.

Hivyo ndivyo lilivyozaliwa soko la mafundi wengi. Mmoja hutengeneza prosesa, wa pili huandika mfumo endeshi, wa tatu huunganisha mashine, na wa nne huiuza dukani. Ushindani baina yao ulishusha bei na kumpa mnunuzi uhuru wa kuchagua, lakini uligawa pia wajibu katika mikono mingi.

Apple ilishika njia nyingine. Tarehe 24 Januari 1984 ilizindua Macintosh kwa bei ya dola 2,495 za Kimarekani. Badala ya kukariri amri na kuziandika, mtumiaji alielekeza kipanya kwenye picha iliyoko katika skrini. Fikra hizo hazikuanzia Apple. Douglas Engelbart alikuwa amekionyesha kipanya hadharani mjini San Francisco mwaka 1968, na Jobs mwenyewe aliyaona mengi alipoitembelea maabara ya kampuni ya Xerox huko Palo Alto, California, mwaka 1979. Jipya kwa Apple lilikuwa kwamba mashine na mfumo wake vilitoka katika nyumba moja, kama jahazi lililochongwa, kushonwa tanga na kunahodhiwa na watu wa ukoo mmoja.

Microsoft haikuwa adui wakati huo, kwani iliiandikia Macintosh programu, na Excel yenyewe ilitoka kwanza kwa ajili ya Mac mwaka 1985. Lakini Novemba mwaka huohuo ikatoa toleo la kwanza la Windows, nalo lilikuwa na picha na kipanya. Apple ilifungua mashtaka mwaka 1988 ikidai kunakiliwa, ikashindwa mahakamani mwaka 1992 na katika rufani mwaka 1994. Kuanzia hapo tofauti ya sura baina ya mifumo hiyo miwili iliendelea kufifia, na ikabaki ile tofauti ya msingi ya fundi mmoja na soko la mafundi.

Kompyuta yaingia mapajani

Mwezi Septemba mwaka 1989 Apple ilitoa Macintosh Portable. Neno mpakato linatokana na kupakata, jinsi mama anavyompakata mtoto. Mashine hii, yenye uzito wa zaidi ya kilo 7 na betri ya risasi na asidi, jamii ya betri za magari, haikupakatika kirahisi. Wateja waliikwepa.

Apple ilijisahihisha Oktoba mwaka 1991 ilipotoa familia ya PowerBook. Hadi wakati huo laptopu nyingi ziliweka kibodi ukingoni kwa mbele, viganja vya mtumiaji vikaning'inia hewani. PowerBook iliisogeza kibodi karibu na skrini, ikaacha mbele nafasi ya kupumzishia viganja, na katikati ya nafasi hiyo ikaweka gololi ya kuongozea mshale. Gololi imetoweka na nafasi yake kuchukuliwa na kibao cha kugusa, lakini mpangilio huo ndio ulioenea katika laptopu karibu zote, ziwe za Mac au za Windows.

Upande wa pili haukulala. Oktoba mwaka 1992 IBM ilitoa ThinkPad 700C, sanduku jeusi lenye kitufe chekundu katikati ya kibodi, lililobuniwa na Mjerumani Richard Sapper. ThinkPad ilijipatia wafuasi waaminifu, na ilidhihirisha kwamba hata katika soko la mafundi wengi fundi mmoja makini anaweza kujenga mashine ambayo mwenyewe huipenda.

Tarehe 24 Agosti 1995 Microsoft ilitoa Windows 95, na kwa mnunuzi wa kawaida sababu za kulipia zaidi ili apate Mac zikapungua. Mwaka huohuo Apple ilipata pigo kwenye eneo ililojivunia. Mashine mbili za mwanzo za PowerBook 5300 zilishika moto kutokana na betri zake mpya, na kampuni ikalazimika kubadilisha aina ya betri. Katika mwaka wa fedha wa 1997 ilipata hasara ya zaidi ya dola bilioni 1. Jobs, aliyeondoka Apple mwaka 1985, alikuwa amekwisharejea.

Tarehe 6 Agosti 1997, mjini Boston, Jobs aliwatangazia wafuasi wa Apple kwamba Microsoft itawekeza dola milioni 150 katika kampuni yao na kuendelea kuiandikia Mac programu za Office kwa miaka mitano. Uso wa Bill Gates ulipojitokeza kwenye skrini kubwa, baadhi ya waliohudhuria walizomea. Jobs aliwataka waachane na dhana kwamba Apple haiwezi kushinda mpaka Microsoft ishindwe. Kwa wanunuzi, maana yake ilikuwa moja: chaguo lilibaki kuwa chaguo. Laiti Apple ingezama mwaka ule, njia panda ingekuwa njia moja.

Miaka ya kero

Mwaka 2001 pande zote mbili zilianza ukurasa mpya. Apple ilitoa Mac OS X mwezi Machi, na Microsoft ikatoa Windows XP mwezi Oktoba. Mwezi Mei katikati yake kulitokea jambo ambalo wengi hawakulipa uzito: Apple ilifungua maduka yake mawili ya kwanza, moja katika jimbo la Virginia na jingine California. Ndani yake kulikuwa na kaunta ambapo mwenye Mac aliweza kuifikisha mashine yake na kuonana ana kwa ana na mtaalamu wa kampuni iliyoitengeneza.

Mwenye laptopu ya Windows hakuwa na kaunta kama hiyo. Mfumo ulipokuja ndani ya mashine mpya, jukumu la kumhudumia mteja lilikuwa la kampuni iliyounda mashine, ilhali kasoro nyingi zilitoka kwenye mfumo wenyewe au kwenye programu za majaribio ambazo watengenezaji walilipwa ili wazijaze humo. Mteja akajikuta akirushwa huku na kule kama mpira. Agosti mwaka 2003 kirusi kilichoitwa Blaster kiliingia katika kompyuta za Windows duniani kote kupitia intaneti na kuzifanya zijizime na kujiwasha zenyewe. Microsoft ilichukua hatua, na mwaka uliofuata ikatoa marekebisho makubwa ya usalama ya Windows XP, lakini sifa ya kuhangaishwa na virusi ilikuwa imekwisha kuganda.

Mwaka 2005 Apple ilitangaza kwamba itaanza kutumia prosesa za Intel, zilezile zilizomo katika laptopu nyingi za Windows, na mwaka 2006 ikatoa programu ya kumwezesha mwenye Mac kuendesha Windows ndani ya mashine yake. Agosti mwaka huohuo kampuni ya Dell iliziita zirejeshwe betri milioni 4.1 za laptopu kwa hofu ya moto, na siku chache baadaye Apple nayo ikaziita betri milioni 1.8. Zote zilikuwa na seli zilizotengenezwa na Sony. Wafuasi wa pande mbili walipokuwa wakibishana juu ya ubora wa mashine zao, ndani ya mashine hizo mlikuwa na betri za asili moja.

Kisha ikaja Windows Vista, iliyofika madukani Januari 30 mwaka 2007. Laptopu nyingi zilikuwa zimeuzwa zikiwa na kibandiko kinachosema zinaiweza Vista, kumbe zilimudu sehemu yake ndogo tu. Wateja walikwenda mahakamani. Barua za ndani zilizotolewa katika kesi hiyo zilionyesha kuwa hata mmoja wa wakuu wa Microsoft, Mike Nash, alilalamika kwamba laptopu aliyoinunua kwa dola 2,100 imebaki kuwa mashine ya barua pepe tu. Ikiwa mtu wa ndani ya nyumba alihadaika na kibandiko, mnunuzi wa kawaida angenusurika vipi?

Apple iliitumia nafasi hiyo. Kuanzia mwaka 2006 hadi 2009 ilirusha matangazo ya televisheni yaliyomwonyesha kijana mtulivu akijiita Mac, na mwanamume wa suti mwenye mikasa kila siku akijiita PC. Microsoft ilijibu mwaka 2009 kwa kuligusa jeraha la mwenziwe, nalo ni bei. Katika tangazo lake mojawapo msichana alipewa dola 1,000 atafute laptopu yenye skrini ya inchi 17. Katika duka la Mac kiasi hicho kilitosha kununua ya inchi 13 tu. Kwingine akapata ya HP, yenye ukubwa alioutaka, kwa dola 699.99. Oktoba mwaka huo ikatoka Windows 7, na kero nyingi za Vista zikatulia.

Nani aliridhika zaidi?

Swali la kuridhika limepimwa kwa tarakimu. Nchini Marekani kuna kipimo cha kuridhika kwa wateja kiitwacho ACSI, kilichoanzishwa mwaka 1994 katika Chuo Kikuu cha Michigan. Katika matokeo ya mwaka 2010 Apple ilipata alama 86 kati ya 100, ikiwaacha mbali washindani wake wa kompyuta.

Ushahidi mwingine ulitoka mahali ambapo wachache wangeutarajia. IBM, mwanzilishi wa kambi iliyopingana na Macintosh, iliiuzia Lenovo ya China biashara yake ya kompyuta binafsi mwaka 2005. Miaka kumi baadaye ikawaruhusu wafanyakazi wake kuchagua Mac. Mwaka 2015 mkuu wake wa masuala hayo, Fletcher Previn, alieleza kwamba ni asilimia 5 tu ya watumiaji wa Mac katika kampuni hiyo waliopiga simu kuomba msaada wa kiufundi, ikilinganishwa na asilimia 40 ya watumiaji wa Windows.

Takwimu hizi ni za kweli, lakini zinahitaji kusomwa kwa makini. Kwanza, wale wa IBM waliotumia Mac waliichagua wenyewe, na mtu huvumilia zaidi kasoro za kitu alichokichagua kuliko za kile alichopangiwa. Pili, Apple haiuzi laptopu za bei ya chini kabisa. Kuilinganisha Mac na wastani wa laptopu zote za Windows ni sawa na kulinganisha chakula cha hoteli moja nzuri na wastani wa migahawa yote ya mjini. Ipo migahawa inayoishinda hoteli hiyo, na ipo ambayo haifai kuingiwa. Tatu, kipya kinyemi ingawa kidonda. Mtu aliyetoa fedha nyingi si mwepesi wa kukiri kwamba amekosea.

Pamoja na tahadhari hizo, linabaki jambo ambalo haliwezi kupuuzwa. Mwenye Mac alijua amlalamikie nani. Mwenye Windows mara nyingi hakujua.

Fundi mmoja naye hukosea

Fundi mmoja akikosea, lakini, mteja wake hana pa kukimbilia. Mwaka 2015 Apple ilianza kutumia kibodi nyembamba ya aina mpya katika laptopu zake. Kwa wateja wengi vumbi kidogo lilitosha kuzifanya herufi zikwame au zijirudie. Kwa kuwa Mac haitengenezwi na mwingine, mteja alikuwa na njia mbili tu: kuistahimili kibodi hiyo, au kuuacha mfumo mzima aliouzoea. Juni mwaka 2018 kampuni ilianza kuzitengeneza bila malipo, na kibodi hiyo ikaondolewa kabisa katika laptopu mpya kufikia mwaka 2020. Mwaka 2022 Apple ilikubali kulipa dola milioni 50 kuimaliza kesi iliyofunguliwa na wateja nchini Marekani.

Kambi ya pili nayo ilikuwa na fedheha yake. Mwaka 2015 ilibainika kwamba Lenovo ilikuwa imeziuza baadhi ya laptopu zikiwa na programu ya matangazo iliyoitwa Superfish, ambayo iliudhoofisha usalama wa mawasiliano ya mteja. Hapo, hata hivyo, aliyeudhika aliweza kuhamia HP, Dell au Asus bila kubadilisha programu hata moja.

Novemba mwaka 2020 Apple iliachana na Intel na kuanza kutumia chipu yake yenyewe, M1. MacBook Air iliyotoka nayo haikuwa na feni na betri yake ilidumu muda mrefu kuliko ilivyozoeleka. Watengenezaji wa Windows walilazimika kujibu, na mwaka 2024 zikatoka laptopu za Windows zenye chipu za Qualcomm zilizolenga sifa hizohizo. Wapiganapo tembo, nyasi huumia; lakini katika vita hivi, kila tembo hawa walipopigana kwa dhati nyasi zilinawiri, na zilinyauka pale mmoja alipojiona hana mpinzani.

Mbali na makao makuu

Kwa wazungumzaji wa Kiswahili, historia hii ina upande wake. Mwaka 2004 Microsoft ilitangaza mpango wa kuitafsiri Windows na Office kwa Kiswahili, na mwaka huohuo wataalamu waliohusiana na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, mkusanyiko wa programu za ofisi kwa Kiswahili usiolipiwa. Kwa mara ya kwanza mtu aliweza kuandika barua kwenye kompyuta iliyomwelekeza kwa lugha yake.

Muhimu zaidi ni suala la fundi. Mswahili anayeishi Muscat, London au Minneapolis, anaponunua laptopu ili ampelekee mdogo wake anayesoma Mombasa au Morogoro, anajibu swali la wajibu kwa niaba ya mtu mwingine. Kaunta ya Apple iliyo karibu naye haiko karibu na mdogo wake. Katika maduka ya Kariakoo jijini Dar es Salaam au barabara ya Luthuli jijini Nairobi, laptopu za Dell, HP na Lenovo ni nyingi, na mashine zinapokuwa nyingi, vipuri na mafundi wake pia hupatikana. Soko la mafundi, linalomchosha mteja wa Marekani kwa kumrusha huku na kule, hapo hugeuka kuwa kinga.

Ipo pia siku ambayo mtengenezaji mwenyewe hutamka kwamba hawajibiki tena. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10, na kompyuta nyingi ambazo bado zilikuwa nzima hazikutimiza masharti ya kuhamia Windows 11. Juni mwaka huohuo Apple nayo ilikuwa imetangaza kwamba mfumo wake wa macOS Tahoe utakuwa wa mwisho kwa Mac zenye prosesa za Intel. Katika mwaka mmoja, wenye mashine wa kambi zote mbili waliambiwa kwamba muda wao unahesabika.

Basi msikilizaji anayejiandaa kununua, kabla ya kuuliza ipi ni bora, na aulize maswali matatu. Mashine hii ikigoma, nani ataitengeneza mahali itakapotumika? Programu ninazozihitaji zitaendeshwa humo? Na mtengenezaji ataihudumia hadi mwaka gani? Mwenye majibu hayo anaweza kuridhika na Mac au na Windows, kama mamilioni walivyoridhika na wanavyoendelea kuridhika kwa pande zote mbili. Asiye nayo anaweza kulipa dola 2,100, kama yule mkuu wa Microsoft, na kubaki na mashine ya barua pepe.